Rangi ya Nne

Banda letu la Uyole lina mlango mmoja na nyufa zisizohesabika;
nimeziziba kwa magazeti na mifuko ya mbolea,
nimemwaga maji sakafuni ili vumbi lilale.
Kuku wa Mama Sekela nimemfukuza mara tatu.

Msasa ulipita wiki nzima.
Nyeupe ikaondoka; chini yake bluu,
chini ya bluu, kijani nisichokijua,
cha mtu aliyelipenda gari hili kabla yangu,
akaisitiri kutu yake kwa puti.

Kompresa ya kuazima ikakohoa.
Nikapuliza: nyekundu,
ile ya kahawa iliyoiva Mbozi,
iking'aa hata pua yangu nikaiona.

Saa kumi ukungu ukashuka kutoka Mporoto.
Hodi haukupiga.
Boneti ikapauka
kama goti la mtoto mwezi wa saba.

Nikakalia debe la thina, kimya.
Atuganile akaja na chai ya tangawizi.
"Imekauka?"
Anauliza, na dole gumba limeshafika mlangoni.

Boneti niliirudia Jumanne, jua lilipotoka.
Mlango, hapana.
Simama upande wa dereva, chini ya kioo,
uinamishe kichwa kidogo:
lipo, na mistari yake yote.