Gramu Mbili

Nyumba yetu ya Valparaíso imeinama
tangu kabla sijazaliwa.
Chungwa likianguka jikoni
huokotwa sebuleni, karibu na mlango,
na mama husema: afadhali, limejileta.

Kwa hiyo Nolberto, muuza mitumba wa chini ya kilima,
aliponiuliza nataka gramafoni ya namna gani,
sikutaja rangi wala bei.
Nilisema: inayoweza kukaa sawa
mahali ambapo hakuna kilichokaa sawa.

Akanionyesha moja inayojiendesha,
bonyeza kitufe, mkono unakwenda, mkono unarudi
kama mhudumu wa hoteli.
Akanionyesha nyingine, nyepesi, ya kupendeza,
yenye spika zake tumboni.
"Hii," akanong'ona, asije akaitahayarisha,
"inajitetemesha yenyewe. Inakula santuri."
Ya tatu ilikuwa nzito,
mkanda umelegea, kifuniko kimepasuka pembeni.
Nikaisukuma sahani kwa kidole kimoja.
Ikazunguka, ikazunguka,
hata Nolberto akamaliza kumfungia mtu pasi na birika.
Nikalipa.

Sakafu sikuiamini. Nikapigilia rafu ukutani,
nikaweka pimamaji juu yake:
kitone cha hewa kikakimbilia baharini
kama kila kitu cha mtaa huu.
Kadi ya basi iliyokunjwa mara mbili chini ya mguu wa kushoto,
sarafu chini ya ule wa nyuma.
Kitone kikasita. Kikatulia katikati.
Ndipo nikagundua nimebana pumzi.

Mimi ni fundi wa lifti za mlimani.
Miaka kumi na tisa natia grisi kamba
zinazoshusha behewa moja ili jingine lipande.
Uzito, najua, hauondolewi; hutafutiwa mwenzake.
Lakini vidole hivi vimezoea tani.
Nikazungusha kile kizani cha nyuma ya mkono
mpaka mkono ukaelea, haupandi haushuki,
kisha nikaurudisha kwenye gramu mbili,
kama kijikaratasi kilivyoagiza.
Gramu mbili! Machozi yana uzito zaidi.

Santuri ilikuwa ile ile, ya baba.
Usiku wa tetemeko sindano iliruka
ikauchana wimbo wa tatu,
na tangu hapo mwimbaji wetu huimba:
*Nitakungoja mpaka — dirisha.*
Hatukujua maneno mengine. Hatukuyatafuta.
Baba alipokwenda migodini kaskazini
mama alimalizia kila barua hivyo: mpaka dirisha.
Barua zilipoacha kujibiwa, akaendelea kusema,
akichemsha chai, akikunja shuka za wateja,
mpaka dirisha, kama mtu anayesema inshallah.

Nikashusha mkono.
Mchakacho kidogo, kisha gitaa,
nyuzi zake zikasikika moja moja,
hata mwimbaji akimeza mate.
Wimbo wa tatu. Mguu wangu ukajiandaa kuruka,
maana humu ndani tulicheza hivyo, hatua tatu na kujikwaa.
Sindano ikaupita ule mchano
kama behewa lipitavyo kwenye kiungo cha reli:

*Nitakungoja mpaka nichoke,
kisha nifunge dirisha.*

Mguu ukabaki hewani.
Kutoka chumbani, kimya.
Kisha sauti ya mama, kavu:
"Imeharibika. Umepunjwa."

Sikumjibu. Nikakirudisha kizani nyuma,
nywele moja, nywele nyingine,
gramu moja na robo.
Nolberto angenikemea: sindano nyepesi mno
hurukaruka, huumiza santuri.
Sawa. Na nzito mno je, huumiza nani?

Nikauanza wimbo upya.
*Nitakungoja mpaka —*
Na pale chumbani, juu ya mbao zilizoinama,
nikasikia visigino vyake:
moja, mbili, tatu,
kujikwaa.