Sampuli Namba 417

Mwangaluka, alisema, akaweka mezani
mfuko wa chumvi uliofungwa kwa uzi wa nyavu.
Ndani, kilo moja ya mahindi ya shamba lake, Magu.
Jina: Mbuke Lugembe. Kazi: unga wa lishe, Igoma.
"Nimeyatafuna mwenyewe. Hayana neno."

Sumukuvu haina ladha, mama.
Haina harufu, haiachi uchungu ulimini.
Hukaa kwenye ini kama mgeni asiyeaga.

Nikasaga. Nikapima gramu ishirini na tano.
Nikatia methanoli, nikatikisa, nikachuja,
tone kwa tone,
dirishani ziwa halina haraka
na pimbi wanaota jua juu ya mawe.
Kisha nikazima taa, nikawasha ile ya zambarau.
Ikawaka buluu.
Ungeipenda, kama hujui ni nini.

Thelathini na nane. Mwisho ni kumi.

Hakulia. Aliuliza kama anayepatana bei:
"Nikiyaosha?" Hapana.
"Nikiyachemsha mpaka usiku?" Moto hauiwezi.
"Kuku je?" Itakurudia ndani ya yai.
"Pombe?" Nikanyamaza; akacheka peke yake.
Mvua iliyakuta juu ya turubai, akaniambia,
siku tatu za mwezi wa tano, naye yuko Bugando
anauguza mjukuu.
Hilo halina safu kwenye fomu yangu.

Mashine inajua kiasi. Haijui punje ipi.

Wiki mbili baadaye, mfuko uleule, uzi uleule.
Vidole vyake vimechubuka kando ya kucha.
Alikaa na ungo, punje moja moja, gunia zima:
iliyosinyaa, kando;
yenye tundu la mdudu, kando;
na ile yenye vumbi la kijani kwenye kiini
aliitupa mbali zaidi, kama vile inasikia.
Madebe sita yakawa mawili na robo.
Mengine aliyachimbia shimo usiku,
"maana mchana jirani angeyaomba."

Nikasaga. Nikachuja. Nikazima taa.
Giza likabaki giza, karibu.

Nne.

"Nne ni nyingi?"
Nikamwambia inaruhusiwa.
Akautazama mhuri, akaikunja karatasi ikawa ndogo
kama noti ya kuficha kwenye pindo la kanga,
halafu, akiwa mlangoni, akaniuliza kama nina watoto,
na unga wa uji wao huwa naununua wapi.