Mmiliki

Ya kwanza haikuwa na breki ya nyuma.
Suzuki ndogo nyekundu; niliinunua kwa dereva wa parokia.
Aliniapia kwa Mungu kwamba haina kasoro,
nami ningemdai shahidi gani mwingine?
Mteremko wa Valley Road niliushuka kwa kuburuta nyayo.
Soli ya kushoto haikumaliza mwezi.

Kazi yangu ilikuwa kusoma mita za maji,
Buruburu, Umoja, Donholm, geti kwa geti,
nikiinamia visanduku vilivyojaa mende
kunakili tarakimu za kiu ya watu.
Ndiyo maana nambari hazinitoki kichwani.
Niulize tarehe ya harusi yangu, nitababaika.
Niulize bamba la ile Yamaha, nitalitaja usingizini.

Maana ya kwanza niliimaliza mwenyewe,
nikaiuza vipande vipande kama nyama ya mafungu.
Gathirimu wa gereji alichukua injini,
sijui nani taa, sijui nani cheni.
Ya tatu iliibwa Dagoretti Corner
nikinunua dawa ya kikohozi: dakika sita,
saba ukihesabu kungoja chenji.
Mwizi nimekwisha kumsamehe. Tangi lilikuwa kavu,
lazima aliisukuma hadi akanitukana.

Lakini ya pili.
Ndinda aliipanda upande, miguu pamoja,
sufuria ya githeri mapajani,
akinigonga bega mara moja nikikaribia shimo,
mara mbili nikijidai kijana.
Mwongeli alikaa mbele, juu ya tangi, akinitazama,
na siku moja, kwa msumari, akachora M yake,
ambayo kwangu mimi, upande wa pili, ilikuwa W.
Nilimchapa mkononi.
Yeye amesahau.

Niliiuza alipoitwa kidato cha kwanza.
Godoro, sanduku la bati, karo ya muhula.
Osodo alihesabia noti juu ya kiti,
tukaandikiana kwenye karatasi ya daftari.
"Logibuku tutabadilisha Jumatatu," akasema.
Jumatatu ipi, hakusema.

Ni miaka kumi na mmoja. Goti langu limegoma,
naishi Kayole, orofa ya chini, kwa amri ya daktari.
Vijana wa bodaboda huniita, "Mzee, twende?"
nami hutazama tangi kabla ya kumtazama mtu.
Nimekwenda hata Kirinyaga Road,
matangi yametundikwa ukutani, yamepigwa rangi upya,
muuzaji akaniuliza natafuta ya aina gani.
Nikasema, yenye W.
Akanihurumia, akaniletea kigoda.

Wiki jana Mwongeli akachoka na maswali yangu.
Akaiingiza nambari kwenye simu, akalipa ada,
tukangoja kile kiduara kikizunguka, kikizunguka.
Kisha akacheka, kisha akaacha kucheka.
Mmiliki: majina yangu yote matatu,
la kati likikosa herufi moja, kama kawaida ya serikali.
"Baba," akasema, "hii bado ni yako."

Kumbe ni mimi
ninayebeba kreti za mkate Githurai kabla ya alfajiri.
Ni mimi niliyepita upande usio wangu Outering, nikatukaniwa mama.
Labda saa tisa za usiku nimemfikisha mtu Pumwani,
akajifungua salama, wasinilipe.
Labda nimelala nyuma ya kituo cha polisi
nyasi zikipenya kwenye spoki,
au nimefanya neno ambalo wataniulizia.

"Turipoti?" Mwongeli akauliza. "Waondoe jina lako?"
Nikamwambia aache kwanza.

Alipoondoka nilimwaga kopo la vifungo la marehemu mama yake
nikapekua taratibu, kifungo kwa kifungo.
Ufunguo wa akiba upo.
Umeshika kutu kidogo, kwenye meno tu.