Mistari Miwili Myekundu

Onzima, fundi wa mabango hapa Arua,
hakunifundisha kuandika. Alinifundisha kuinamisha mkono.
"Piga mstari wima. Ukate kwa uliolala.
Hiyo ni zahanati.
Sasa laza kichwa begani, utazame tena.
Umeona? Wagonjwa wamekimbia."

Kopo lilelile, rangi ileile,
petroli ileile ya kuoshea brashi.
Darasani alama hiyo ilinichapa viboko.
Kwenye hati ya shamba ilikuwa babu yangu mzima,
ng'ombe wake, madeni yake, hasira zake,
katika mikwaruzo miwili.
Juu ya gunia la tumbaku ilisema: hili lilinyeshewa.

Basi maana haikai ndani ya rangi.
Nimekoroga kopo mpaka chini, sikuikuta.

Lori likiharibika njia ya Vurra,
utingo hutandaza matawi mabichi lamini.
Hakuna shule iliyotufundisha kuyasoma,
na bado madereva wote hupunguza mwendo.
Mbuzi tu ndiye aliyeyasoma vingine:
aliyala.

Mwezi wa tatu wenye barabara wakatukodi.
Nyumba arobaini na moja, kila ukuta mkasi mwekundu,
malipo jioni.
Ya thelathini ilikuwa ya Candiru.
Jina lake ni taabu, alipewa mwaka wa taabu,
naye hucheka mpaka kuku wanaruka uzio.
Siku hiyo hakucheka. Aliniletea kiti nisimamie.
Mkono ukanitetemeka.
Mistari ikatoka si wima, si mshazari,
kama mtu aliyesahau alichotumwa.

Asubuhi tukamkuta mwanamke barazani,
mtoto mgongoni, vumbi hadi magotini.
"Daktari anafungua saa ngapi?"

Candiru akautazama ukuta.
Akanitazama mimi.
Kisha akaweka kiganja kwenye paji la mtoto.
Joto lile halikuhitaji kukubaliana na mtu;
lilisema lenyewe, kama moshi unavyousema moto.
"Keti," akasema. "Anafungua sasa hivi."
Akaleta maji na kitambaa,
akanituma mbio kwa muuguzi Avako.

Hadi saa sita mchana
ile ilikuwa zahanati.
Sijui niiteje vingine.
Mtoto alipona, au homa ilichoka.

Alhamisi likaja tingatinga.
Tingatinga hujua lugha moja.

Ninacho kipande cha plasta, nimekiweka dirishani.
Kimebaki na mstari mmoja,
nao, ukiwa peke yake, si kosa, si dawa,
si jina la mtu.
Nakigeuza huku, nakigeuza huku.
Onzima ananiita kazini, brashi zinakauka.
Nakigeuza tena.