Kidole cha Teodozia

Saa nne usiku, Łódź. Tramu ya mwisho imepita,
vikombe vimetetemeka kabatini, vimetulia.
Nawasha kompyuta aliyoniachia mjukuu wangu Kajetan
siku aliyohamia Gdynia, akasema,
"Bibi, usiguse chochote."
Nimegusa kila kitu.

Kule nina duka. Ngazi tatu, mlango wa buluu,
kodi ya kiwanja kila Alhamisi, wala hawangoji.
Nauza makoti.
Miaka thelathini na mmoja nilikaa kwenye cherehani
ya kiwanda ambacho leo ni hoteli,
nikishona mikono ya kushoto tu. Ya kushoto!
Ya kulia alishona Genowefa, na hatukuelewana.
Sasa nashona koti zima, peke yangu,
kitambaa hakichakai, sindano haichomi,
na theluji ikinichosha naizima.

Mwanzo walinipa mwili wa bure:
msichana mrefu, kiuno cha nyigu,
midomo kama ya mtu aliyeumwa na nyuki akashukuru.
Nikaanza na pua. Kila kiungo kina kitelezi chake:
pua, masikio, nafasi kati ya jicho na jicho,
na kimoja cha magoti, sijui kinafanya nini mpaka leo.
Sogeza kulia, umezeeka;
sogeza kushoto, mama mzazi hakujui.
Nilikesha siku mbili nikiyatafuta makalio yangu.
Supu ya bitiruti ikaungua, sufuria nikaitupa.

Nikienda jikoni, avata wangu husinzia wima,
kidevu kifuani, kama farasi.
Wateja humngoja. Wana adabu.
Mmoja ni korongo; shingo ya koti lake
ilikula kitambaa mita nzima.
Nasikia ni daktari wa meno huko Paysandú.
Mwingine hubadilisha ngozi kila asubuhi,
jana shaba, leo manyoya,
kisha hununua kofia ileile.

Lakini vidole!
Vidole vyao vimenyooka kama mishumaa ya altareni,
na kitelezi hakuna.
Changu cha shahada, cha kushoto, kimepinda
tangu baridi ya mwaka wa themanini na mbili,
mashine ilipokikanyaga kikapona kilivyotaka.
Nikikuonyesha mlango, chenyewe kinaonyesha dirisha.
Nikajifunza kuchonga. Wiki tatu, pembe kwa pembe:
ukucha, kovu, kifundo kama kokwa.
Nikamvika. Nikamwambia, haya, onyesha mlango.
Akaonyesha dirisha.
Nilicheka mpaka Bwana Ziemowit akagonga ukuta.

Kesho yake korongo akaandika: "Kidole hicho, bei gani?"
Nikamjibu: wewe huna vidole.
"Ndiyo maana nauliza."

Basi nikakitundika dirishani, sarafu arobaini,
kwa mzaha, katikati ya vifungo na skafu.
Kufikia Jumapili vilikuwa vimeondoka mia na kumi na viwili.
Uwanjani, penye muziki, nikaona joka, nikaona bibi harusi,
nikaona vijana wenye nywele za moto,
kila mmoja akionyesha kitu na kukikosa kidogo,
kwa upande uleule ninaoukosea mimi.
Kidole kimoja hakivunji chawa, wanasema.
Changu kimelipa kodi ya miezi mitano.

Jana usiku akaingia mgeni.
Mwanamke mfupi, mwili wa bure, hajavuta hata nyusi,
viatu vile vya kijivu wanavyovaa siku ya kwanza.
Hakusalimu.
Akazunguka koti la kijani mara mbili
akasimama kwenye bega.
"Cha mkono wa kulia unacho?"
Nikaandika: sina. Kwa nini cha kulia?
Alikawia. Nukta tatu zikaja, zikafutika, zikaja.
"Mshono wa bega la kulia umelegea,"
akaandika, akatoka.

Nilikaa. Chai ikapoa.
Nikalivuta lile koti karibu, karibu zaidi,
mpaka uzi ukawa mnene kama kamba.

Umelegea kweli.