Dengu

Zahanati ya Ibra. Kiyoyozi kinakohoa.
Mundhiri kajitia dengu sikioni,
na Bi Thuwaiba kaja na chupio mkononi.
"Liweke, bibi. Litaisukuma ndani."

"Basi maji?"
Maji hapana. Dengu ikinywa huvimba,
ikajifungia mlango.

Nikamkalisha pajani pa mamake,
kichwa kifuani,
kashikwa, hakubanwa.
Sikio nikalivuta juu, kwa nyuma;
taa ikaingia.
Kindoano butu, polepole, kikapita nyuma ya punje.
Mara moja tu. Ikikataa, ni Maskati kwa bingwa.

Ikatoka, ya manjano, na nta kidogo.
Nikachungulia la pili: wazi.

Bibi akaigeuza kiganjani.
"Sikio halilali njaa," akasema,
"ila hili limetaka na kitoweo."