Nukta Mbili

Isyonje, saa kumi na moja alfajiri.
Ukungu umekaa juu ya bati kama mgeni asiyeaga.
Nimejifunga vitenge viwili, kompyuta mapajani:
ndicho kitu pekee chenye joto humu ofisini mwa ushirika.

Baba alipeleka viazi Dar miaka ishirini na sita.
Lumbesa, kamba ya katani,
sindano ya magunia imechomekwa kwenye kofia.
Kila gunia lilipoondoka
ghala lilibaki na pengo lenye umbo la gunia.
"Usiiogope Dar," alisema. "Ogopa Kitonga."
Pale lori hupanda likihema, mwendo wa kinyonga,
na vijana huparamia turubai, wembe mdomoni.
Sabini hutoka, sitini na saba hufika,
na dereva hana neno.

Mimi napeleka kisicho na uzito:
nani kaleta kilo ngapi, nani anadaiwa mbolea,
nani kafa na deni lake halijafa.
Kinakwenda kwenye mashine nisiyoiona,
katika chumba cha baridi huko Dar.
Baridi ya kununua! Huku tunapewa bure.

Tumwitike ndiye aliyenifundisha.
"Hii ni kufuli, mgawie hata mwizi.
Huu ni ufunguo, usimpe hata mumeo."
Siku ya kwanza mashine ikasita, ikauliza:
huyu wa upande wa pili simfahamu,
alama ya kidole chake ni hii, niendelee?
Kidole changu kilishakwenda kwenye ndiyo.
Akanidaka mkono. "Mpigie fundi kwanza."
Tukasomeana herufi moja moja kwenye simu,
kama wazee wanaochunguza ukoo kabla ya kupokea posa.

Basi kila alfajiri daftari langu lilisagwa likawa pumba
machoni pa kila aliyeko njiani,
likavuka Kitonga kabla sijapepesa,
kule likawa unga tena. Na ghala langu
halikupungua hata punje.
Hilo ndilo ningependa kumweleza Baba:
nimepeleka, na bado ninacho.

Kumbe.

Tangu Februari, mkono ulipozoea na jicho likalala,
nilikuwa nasahau nukta mbili mwishoni mwa anwani.
Tudoti tuwili, mbegu mbili za ulezi.
Bila hizo mashine haigombi, haiulizi,
inanakili faili palepale nyumbani
na kulibatiza jina la safari.
Asubuhi hamsini na tatu nimefunga kompyuta nikiridhika.

Nikakumbuka gunia moja nyuma ya mlango wa ghala,
limeandikwa DAR kwa rangi nyekundu, mkono wa Baba,
nalo halikuwahi kupakiwa.
Tulilikuta Juni. Limechipua,
machipukizi meupe yametoboa katani
yakitafuta mwanga.
Baba hakumfokea mtu. Alikaa juu yake, akacheka kidogo,
na tangu siku hiyo hakulipa nauli
mpaka Ambindwile apige simu kutoka sokoni
na kuhesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu…

Leo nimeandika anwani, nimeweka nukta mbili.
Nimeomba upande wa pili uhesabu.
Alama sitini na nne zimerudi,
nazifuata kwa ncha ya kalamu, yangu na yake,
yangu na yake, midomo ikitikisika.
Nimefika ya arobaini. Umeme umepepesa.
Naanza tena.